Wiki mbili na kijiwe chenye sensa ndani ya lami, na vile kilivyotuumbua

Nianze kwa kuondoa kasheshe mapema, hii sensa si ile ya kuhesabu watu. Hii ni kidude cha plastiki ngumu, saizi ya kokoto ya milimita 20, wakitumbukiza katikati ya lami ya moto pale maabara kabla hujaanza kushindilia, halafu chenyewe chakuandikia kwa kompyuta kimebanwa vipi, kimezunguka vipi, na huko ndani kuna joto gani. Tumekikodi wiki mbili kutoka kwa muuzaji mmoja wa vifaa vya maabara, jina lake naliacha maana mambo ya dipoziti bado hatujamalizana, ntafika huko. Nimeona watu wawili watatu washaanza kuulizia kama hivi vitu vyafaa kwa maabara ndogo ndogo za hapa Mombasa, basi hii ndo rivyu yangu, mimi si profesa, mimi ni fundi wa maabara, miaka tisa nakaanga kokoto.

Maabara yetu iko upande wa Changamwe, si kubwa. Chumba cha oveni, chumba cha mizani, na uwani kuna kizimba cha nyundo ya Marshall, ile ya kushindilia lami ndani ya moldi ya chuma mpaka itoke briketi, yani kipande cha duara cha kupimwa. Mzee wetu, mkuu wa maabara, hakutaka hata kukiona. Siku ya kwanza nimefungua boksi pale mezani, vijiwe vitatu vimelala kwenye sponji kama mayai ya kware, akaja akavitazama kwa juu ya miwani.

"Hivi ndo nini?"

"Sensa hizi mzee. Twaziweka ndani ya briketi, zatuambia mawe yanavyokwenda."

"Mawe yanavyokwenda wapi? Mimi nimepiga Marshall tangu wewe hujaota meno, mawe hayaendi popote, yako mle mle kwa moldi."

Nikanyamaza. Mzee ni mzee.

Sasa kwa wasiojua kwa nini mtu ahangaike na haya, maneno yote ya lami yaishia kwa mapengo ya hewa. Ukidizaini mchanganyiko maabara walenga asilimia 4 hivi ya hewa, kwenye Marshall waruhusiwa 3 mpaka 5. Barabarani rola ikimaliza wategemea densiti ifike kama asilimia 92, 93 ya ile ya juu kabisa, ya lami isiyo na hewa hata kidogo, yani hewa imebaki 7, 8, halafu magari yenyewe yanamalizia kubana. Hewa ikizidi, maji yaingia, kokoto yaanza kung'oka moja moja na baadaye ni shimo. Hewa ikipungua sana chini ya 3 nako ni balaa, maana jua la kwetu wajua lenyewe, bitumini, ile gundi nyeusi ya kushika kokoto, yalainika na kutanuka na haina pa kwenda, basi lami yasukumwa pembeni na malori. Nani hajaiona ile mifereji, malori yametoka bandarini na mizigo yao, yajikokota mwendo wa kobe kuelekea Mariakani, tairi zote zapita pale pale, ukiwa na pikipiki na mvua imenyesha huo mfereji wakushika gurudumu kama reli.

Na shida ni kwamba densiti ni namba ya mwisho tu. Ni kama kuambiwa mtoto amepata alama 60, sawa, lakini amepataje? Amesoma ama amenakili? Briketi mbili zaweza kuwa na hewa sawa kabisa na ndani mawe yamekaa tofauti, moja yamejipanga yakashikana, nyingine yamepasuliwa kwa nguvu mpaka yakaingia. Hapo ndo kijiwe kinapojiletea umuhimu.

Wazo lenyewe si la huyu muuzaji. Kuna watafiti wa Penn State kule Marekani walitumia kitu kinaitwa SmartRock, kilianzia kwenye kokoto ya reli, kisha wakakiingiza kwenye lami, na mwaka 2018 wakaandika kuhusu mwendo wa mawe ndani ya jairetori, mashine ya kushindilia lami kwa kuikandamiza na kuizungusha. Jambo lao kubwa ni kuzunguka. Watu wengi twafikiri kushindilia ni kushuka, jiwe lasukumwa chini basi. Kumbe jiwe lageuka geuka kwanza, latafuta upande wa kulala, na huko kugeuka ndo kwakwambia lami bado yafanya kazi ama ishakataa. Hiki tulichokodi chafuata njia hiyo hiyo, ndani kina aksileromita ya pande tatu ya kupima mshtuko, kina jairo ya kupima mzunguko, dira ya sumaku, na kipima joto kimetokeza kwenye ngozi ya nje.

Haya, majaribio. Tulianza na Marshall maana ndo tunayo. Kwa wasiojua, ni nyundo ya kilo 4 na nusu hivi inainuliwa inaachiliwa kutoka milimita 457, kwa barabara ya magari mazito wapiga mara 75, wageuza moldi, 75 tena. Bruce Marshall alianzisha haya mambo huko Mississippi karibu na 1939, na sisi 2020 na ushee bado twainua nyundo kwa mkono. Kijana wetu wa nyundo akipiga briketi tatu shati lachuruzika kama ametoka kuogelea Mama Ngina.

Pigo la kwanza, grafu ikaruka mpaka nikadhani kijiwe kimekufa. Mapigo kama kumi ya mwanzo jiwe lilikuwa lageuka kweli, kila pigo lainama kidogo, lakaa, lainama. Baada ya hapo mzunguko ukaanza kufifia, kufika pigo la arobaini mstari wa mzunguko umelala kabisa lakini mstari wa mshtuko bado waruka juu vile vile. Maana yake nini? Maana yake kijana anaendelea kuvuja jasho, nyundo inaendelea kutwanga, na mawe hayageuki tena, nguvu inaingia kwenye mawe yenyewe. Tulipoikata ile briketi kwa msumeno tukaona kokoto kadhaa zimepasuka katikati, nyeupe nyeupe pale palipopasuka, bitumini haijagusa. Mzee akaishika ile nusu akaigeuza geuza kwa mwanga wa mlangoni, hakusema kitu, akairudisha mezani polepole. Kwa mzee huyo, hiyo ni hotuba.

Kisha tukaenda kwa jirani yetu mmoja mwenye mashine ya jairetori, akatuwekea nusu siku. Hii ndo ile ya Superpave, mfumo ambao Wamarekani waliutoa 1993, haipigi, inakandamiza. Moldi ya milimita 150, presha 600 kPa toka juu, na moldi imeinamishwa pembe ndogo sana, nyuzi 1.16, halafu yazungushwa mara 30 kwa dakika. Hapa grafu ilikuwa tamu wallahi. Wimbi moja kila sekunde 2, laini kama bahari ya kaskazi asubuhi, maana kila mzunguko jiwe layumbishwa na kurudi, layumbishwa na kurudi, na chini ya hilo wimbi waona mstari mwingine wapanda taratibu, huo ndo mgeuko wenyewe wa jiwe ambao haurudi nyuma. Mizunguko ya mwanzo wapanda kwa haraka, kisha wakunja kona, kisha walala. Ukiona umelala wajua mawe yashashikana. Ni kama kukanda unga wa mahamri, mwanzo mkono wazama, baadaye unga wenyewe waanza kukurudishia mkono.

Kama umewahi kusimama nyuma ya rola ya mipira barabarani, ile ya tairi nyingi, utaelewa kwa nini jairetori yasemekana iko karibu na barabara kuliko nyundo. Tairi zakanda. Nyundo yatwanga.

Lakini kilichotuumbua sisi si nyundo wala jairetori, ni feni.

Siku ya nne niliamua kuweka vijiwe viwili kwa wakati mmoja, kimoja katikati, kimoja ubavuni karibu na chuma cha moldi. Kwa Marshall hii ni kubanana lakini nilitaka tu kuona joto, densiti sikujali. Lami yetu ya bitumini ya 60/70, hiyo namba ni ya ugumu wake, twaichanganya kwenye nyuzi 150 na kitu, na kushindilia iwe 140 na kitu. Kijiwe cha katikati kikakaa vizuri, kimetulia. Cha ubavuni kikaporomoka, yani naangalia namba zashuka kama mtu ashuka ngazi mbili mbili, na kijana bado yuko pigo la ishirini. Nikadhani sensa imeharibika. Nikabadilisha, cha katikati nikakiweka ubavuni, hadithi ile ile. Nikapasha moldi tena vizuri oveni, afadhali kidogo lakini bado. Nikakaa kwenye kiti natafakari, upepo mzuri wanipiga kichwani, ndo nikainua macho. Feni! Tumefunga feni ya dari juu kabisa ya kile kizimba, kwa huruma ya kijana wa nyundo, mwaka mzima yapuliza moldi ya moto ikiwa kazini, na sisi twashangaa kwa nini briketi zetu za Jumatatu hazifanani na za Ijumaa. Jumatatu stima hupotea potea upande wetu, feni haizunguki. Nikazima feni, tukarudia, kijiwe cha ubavuni kikawa kama ndugu wa cha katikati.

Nilimwita mzee. Nikamwonyesha mistari miwili kwenye skrini, feni imewaka, feni imezimwa.

"Mzee, ni hii feni."

Akaangalia juu. Akaangalia skrini. "Nani aliifunga hii?"

"Si ni wewe mzee uliagiza, kabla ya Ramadhani."

"Basi ihamishwe."

Hiyo peke yake imelipa pesa za kukodi, sitanii, ukifikiria ripoti ngapi tumetoa. Na ukiichukulia hiyo feni ukaipeleka barabarani, kusi lavuma kutoka baharini, fundi ametandaza lami nyembamba ya sentimita 4 na rola imeenda kujaza maji, hiyo lami ishapoa juu na pembeni zamani. Ikishuka karibu na nyuzi 80 unapitisha rola kujionyesha tu.

Sasa malalamiko, na yako.

La kwanza na kubwa, na hili muuzaji hakulisema popote, kijiwe chaharibu hesabu ya hewa. Fikiria. Briketi ya Marshall ni kipenyo cha milimita 101.6 na kimo cha 63.5, hiyo ni kama sentimita za ujazo 515. Kijiwe cha milimita 20 kila upande ni 8. Yani karibu asilimia 1.6 ya briketi yako si lami, ni plastiki. Tuseme mchanganyiko wako una densiti 2.40 na ya juu kabisa ni 2.50, hewa ni asilimia 4 sawasawa, umefaulu. Ukiweka kijiwe cha gramu 12 mle ndani na ukapima bila kukitoa kwenye hesabu, densiti yaonekana 2.386 na hewa yawa 4.6 hivi. Nusu asilimia na ushee ya hewa imeongezeka bure, na wapo watu wamefelishwa kazi kwa chini ya hapo. Dawa yake ni kupiga briketi pacha, moja na kijiwe ya kuangalia mwendo, moja bila ya kupima densiti. Kwa moldi ya milimita 150 haisumbui sana, huko briketi ni kubwa, kijiwe kimemezwa, kama asilimia 0.4 tu.

La pili, dira ya sumaku ndani ya moldi ya chuma ni mzaha. Nani aliwaza hivyo? Chuma kila upande, nyundo ya chuma, halafu waiuliza kaskazini iko wapi. Kuinama yaonyesha vizuri kwa sababu yategemea mvuto wa dunia, lakini kuzunguka kama pia, yani mzunguko wa kulala, ikawa yanipa namba za ajabu, briketi imekaa mezani haijaguswa yaniambia jiwe lazunguka. Nikazima dira nikabaki na jairo peke yake, nayo jairo ukiiacha muda mrefu yaanza kupotea kidogo kidogo. Nilichofanya ni cha kienyeji, nimechora mshale kwa rangi nyeupe juu ya kijiwe, nikakiweka mshale waelekea alama ya moldi, baadaye nikafukua taratibu nikaangalia mshale umeelekea wapi. Ukilinganisha na namba ya mwisho wajua uamini ama usiamini.

La tatu ni Bluetooth. Moldi ikiwa wazi yashika, ukifunika na chuma cha juu yakatika, na kwenye jairetori ndo usiseme. Afadhali kijiwe chajiandikia chenyewe ndani, ukikitoa wapakua data yote. Ila hiyo maana yake huoni kitu wakati kazi yaendelea, wasubiri mpaka ufukue.

Na kufukua ndo kazi haswa. Wairudisha briketi oveni nyuzi 110 hivi mpaka ilegee, wavaa glavu, wachimba kwa kijiko. Kijana wetu siku ya pili akakiosha kwa mafuta taa na brashi ya waya, kikawa kisafi kimeng'ara, na ufa mwembamba kwenye ngozi umetokea siku iliyofuata. Kijikaratasi cha maelekezo chasema tutumie mafuta ya kupikia. Nani asoma kijikaratasi? Sisi tumesoma baadaye. Mafuta ya kupikia yafanya kazi kweli, lakini maabara yote yanuka kama kibanda cha viazi karai pale Mwembe Tayari mida ya jioni, na wote mnasikia njaa.

Betri. Betri ya kawaida ya lithiamu haipendi kupita nyuzi 60, na hapa waitumbukiza kwenye 140. Wamekizungushia kitu cha kuzuia joto, lakini hiyo ni kuomba muda tu, si kinga, ukichelewa ndani yake kwenyewe kwaanza kupanda na chalia taa nyekundu ukikitoa. Marshall yenye kijana mwepesi wawahi. Jairetori ya mizunguko 100 ni dakika 3 na kitu, yawahi. Lakini ukitaka kukiacha mle saa nzima uangalie briketi yapoa, sahau. Kijiwe chetu kimoja hivyo ndo kilivyozima, siku ya tisa, nilienda kuswali adhuhuri nikamwambia kijana akitoe, kijana akaelewa akipeleke oveni.

Huduma ya muuzaji ni nusu nusu. Boksi lilifika kwa basi la usiku kutoka Nairobi siku aliyosema, limefungwa vizuri, chaji kamili. Ukimwuliza swali kwa WhatsApp ajibu kwa sauti ya dakika nne ambayo jibu liko sekunde tano za mwisho. Programu yake ni nyepesi, hata kompyuta yetu ya zamani iliibeba, yatoa grafu na faili la kufungua kwa Excel, sina neno hapo. Bei ya kukodi ni kali lakini si ya kukufunga duka, kununua ndo sitaki hata kutaja.

Nani achukue? Wanafunzi wa chuo wenye projekti ya mwisho, bila kufikiri mara mbili, changeni watu wanne mkodi. Maabara kama yetu, mkodi wiki mbili mara moja kwa mwaka, mjikague wenyewe, nna hakika kila maabara ina feni yake mahali. Mkandarasi ambaye ana kora tatu, yani vipande vya lami vilivyotobolewa barabarani kupimwa, zimefeli na injinia ampigia simu kila saa, wewe usikiguse, hakitakusaidia kesho asubuhi, wewe angalia joto la lami yako na rola yako iko wapi. Mimi nakipa nyota 3 na nusu kati ya 5, ningekipa 4 kama wangesema wazi lile jambo la hewa.

Hapa tulipo vijiwe viwili nimevirudisha, kimoja kizima, kimoja kina ufa. Kile cha tatu, kilichozima, bado kiko ndani ya briketi, maana mzee amekataa nisiifukue, ameikata pembeni kidogo mpaka kijiwe kikachungulia, ameiweka dirishani kwa ofisi yake na kila mgeni akija amwonyesha, "unaona hili jiwe? Hili lageuka." Muuzaji ataka kijiwe chake ama dipoziti ibaki. Jana nimemwambia aongee na mzee mwenyewe, amesema atakuja Alhamisi.